Mgomba wa Kaburi la Baba

Redioni wakianza kuwasifu askari wa vita ya Burma, mimi nazima. Wajukuu wananishangaa: "Bibi, si baba yako alikuwa Keya?" Alikuwa Keya, ndiyo. Ndivyo tulivyowaita askari wa Mwingereza enzi zile, na baba yangu alivaa kaptula yao, akavuka bahari kwenda kupigana na Wajapani ambao hakuwahi kugombana nao hata kwa mpaka wa shamba. Nazima kwa sababu hao wanaowasifu leo hawasemi walivyopokelewa waliporudi. Na nani alilipa, hilo hawaligusi kabisa. Hasira yangu ni ya zamani, tumezoeana, na sioni sababu ya kuifukuza uzeeni.

Sisi ni Wanyakyusa, lakini wazazi wangu walihamia mlimani juu ya Iyunga kutafuta ardhi kabla sijazaliwa. Walikuja na miche ya migomba yao, maana Mnyakyusa bila ndizi atakula nini akashiba? Baridi ya kule juu haikuipenda ile migomba. Ilidumaa, ikatoa vidole vya kuwapa watoto. Baba alipochukuliwa jeshini mimi nilikuwa bado mgongoni mwa mama, hivyo sura yake sikuijua.

Nilikuwa nimeanza kutumwa kuchota maji alipokuja askari mmoja aliyerudishwa kwa majeraha. Akasema ameona kwa macho yake baba akichukuliwa na mto huko Burma, na hakuonekana tena. Nyumba ikalia. Kwetu mtu akifa mbali na maiti isipatikane, haachwi hivi hivi. Hukatwa gogo la mgomba la urefu wake, likavishwa nguo zake, likazikwa kama yeye, na watu wakakaa msiba mzima. Lakini gogo lile lazima likatwe safi, lisiwe na shina la ardhini wala mzizi, ili lioze. Likishaoza, marehemu amepumzika na mjane yuko huru. Hiyo ndiyo mila, na kila mtoto wa ukoo wetu anaijua kabla hajajua kuhesabu.

Wa kulikata alikuwa baba mdogo, ndugu yake baba wa tumbo moja. Huyu alikuwa mtu wa haraka, hasa katika mambo yenye faida kwake. Siku ile mvua ilikuwa inamwagika. Badala ya kusimama na panga akakata gogo na kulisafisha, aling'oa mgomba mzima na shina lake, akauvisha koti la baba, akaufukia nyuma ya nyumba. Waombolezaji walikuwa wameinamisha vichwa kwa mvua, hakuna aliyechungulia. Baadaye akamrithi mama. Alikuwa hajaoa, kwa hiyo hata misheni hawakuona ubaya: mjane Mkristo, kijana Mkristo, wakafungishwa ndoa kanisani, na wazee wa baraza wakaja kula. Nyumba ya baba ikawa yake, shamba la baba likawa lake. Kufa kufaana, walisema wahenga, na sijui walimwonea wapi baba yangu mdogo.

Mvua zilizofuata, kaburi likachipua. Mgomba ukatoka pale pale alipolala baba, mnene, umestawi kuliko ndugu zake wote pale mlimani, maana ulikuwa umefukiwa kina kirefu penye samadi ya zamani. Mama alishtuka. Baba mdogo akasema ni baraka za marehemu. Ukazaa mkungu, tukaula. Ukazaa watoto, nao wakazaa. Majirani walikuja kuomba ndizi, na kila aliyekuja alijua zilikotoka. Hakuna aliyesema neno. Njaa ikiwa karibu, mila husogea kidogo kupisha sufuria.

Halafu baba akarudi.

Mto haukumuua. Ulimtupa mbali, akaokotwa, akalazwa hospitali India muda mrefu, akachelewa hata baada ya wenzake kurudi. Alipanda mlima mchana, jua likiwaka, na fuko lake begani. Mimi nilikuwa nje namenya ndizi. Niliona mwanamume mwembamba akisimama kuniangalia, macho yamejaa maji, na mama akatoka ndani, akapiga ukelele ambao sijausikia tena maisha yangu yote. Alikuwa na mimba kubwa ya mdogo wangu. Baba mdogo akasimama mlangoni, mlangoni mwa nyumba aliyoijenga baba kwa mikono yake, akasema, "Kaka, pole na safari. Lakini sisi tumekwisha kukuzika."

Mnasikia? Tumekwisha kukuzika! Kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chakula kimeisha.

Wazee wakakaa. Wakasema mtu aliyezikwa anaweza kurudishwa kwa watu, ila yule aliyezika ndiye lazima afukue kwa mikono yake mwenyewe, achinje ng'ombe, ndugu wale pamoja. Baba mdogo akakubali mara moja. Akasema mvua zikiisha. Mvua zikaisha, akasema mavuno yakiisha. Mavuno yakaisha, ng'ombe akawa mgonjwa. Miaka ikapita hivyo, kila mwaka na kisingizio chake, na baba akajenga kibanda chini barabarani, Iyunga, akapata kazi ya kuvunja kokoto za kutengenezea barabara. Watu walimsalimia kwa adabu. "Ndaga," anajibu, "ndaga," wanapita. Lakini kwenye vikao vya ukoo hakuitwa, na akifika kwenye nyumba yake mwenyewe alibisha hodi.

Nilimuuliza siku moja kwa nini hapigani. Nilikuwa na hasira tangu utotoni, msidhani nimeianza juzi. Akasema, "Mwanangu, nimepigana na watu wasionikosea kitu, nikachoka. Huyu ni mdogo wangu. Nikianza naye sitajua pa kuishia."

Nilikuwa nashuka kwake kila nilipopata mwanya. Jeshini walikuwa wamefundishwa kusoma na kuandika, na baba alilichukua lile kama nyara pekee aliyoipata vitani. Alinifundisha herufi kwa mkaa juu ya jiwe la kokoto kabla sijaingia shule. Alisema siku wanaagwa, ofisa wao alipanda juu ya sanduku akawaambia, "Mmefanya kazi nzuri. Watoto wenu watasoma." Alilisema neno hilo mara nyingi mno, na kila mara alikaa wima alipolisema. Maskini baba yangu! Aliamini.

Nilipomaliza darasa la nne nilifaulu vizuri kuliko wavulana wote wa shule yetu, nalisema bila kuona haya. Kwa msichana wa miaka ile ya hamsini, kufaulu na kuendelea vilikuwa vitu viwili tofauti. Baba mdogo alikwisha tangaza kwamba hana senti ya kumtupia mtoto wa kike. "Darasa la tano la nini? Atapikia wageni Kizungu?" Na kulikuwa na mchumba. Mpwa wa mwenyekiti wa baraza letu, mwanamume mwenye mke tayari, alikuwa amekwisha taja ng'ombe, na baba mdogo alikwisha wapenda ng'ombe wale kabla hajawaona. Kiangazi kile kile nilikuwa niende kwa mume.

Ndipo mwalimu wetu alipoleta habari kutoka bomani. Serikali imetenga nafasi ya bure kwa mtoto wa askari aliyerudi vitani, shule ya bweni ya wasichana kule Iringa, darasa la tano hadi la nane. Kwa upande wetu nafasi ni moja, na baraza ndilo litakalosema ni ya nani. Mwalimu akaniangalia, akasema, "Ni wewe tu. Mtoto mwingine wa Keya aliyefaulu hapa hayupo." Nilikimbia mpaka Iyunga bila kusimama. Baba aliweka nyundo chini. Akasema, "Si nilikwambia? Si nilikwambia lakini?" Akaanza kucheka peke yake.

Siku ya baraza Bwana DC alikuja mwenyewe. Kiswahili alikijua vizuri, kwa hiyo asije mtu akamtetea kwamba hakuelewa. Wazee wa baraza mbele, askari wa Keya upande mmoja na makoti yao ya jeshi, wakulima upande wa pili, sisi wanawake nyuma kabisa karibu na mlango, ambako ruhusa yetu ilikuwa kusikia tu.

Wakulima ndio walioanza, nao walikuja na moto. Mmoja akasimama akasema, "Vita vilipokuwa huko kwenu, sisi tulilimishwa pareto kwa nguvu. Mahindi yetu yalibebwa kulisha jeshi. Mke wangu alizika mtoto mwaka ule wa njaa, na sikusikia tarumbeta ya heshima. Leo mtoto wa Keya asome bure, wangu achunge? Sisi hatukupigana vita?" Watu wakaguna, ndiyo, ndiyo. Wa Keya wakaruka, makelele yakawa makubwa, huyu anamwita yule mwoga, yule anamwita huyu mbwa wa Mzungu. Na mimi leo nasema yule mkulima alikuwa na haki kabisa. Kilichonichoma ni Bwana DC alivyokaa pale, mguu juu ya mguu. Walichukua askari kwetu, wakachukua mahindi kwetu, wakaleta mfupa mmoja, kisha wakakaa kutuangalia tukiumana.

Baba akaomba kusema. Nilikuwa sijawahi kumsikia akisema mbele za watu. Akasimama wima kama kwenye gwaride.

"Bwana DC, ofisa wetu tulikuwa naye kwenye mto ule ule, tulinyeshewa mvua moja. Aliporudi amepewa shamba kule Iringa, ukisimama mwanzo huoni mwisho. Mimi nimepewa koti na ahsante. Shamba siombi, Bwana. Naomba darasa la tano."

Bwana DC akaanza kuichunguza kofia yake kana kwamba ameiona leo. Kisha akasema serikali ina furaha kumsaidia mtoto wa askari, baraza lithibitishe tu kwamba huyu ni mtoto wa askari.

Mwenyekiti alikuwa anaingojea nafasi hiyo. Mjomba mtu wa mchumba wangu, msisahau. Akasema taratibu, kwa sauti tamu, "Bwana DC, hapa pana tatizo la mila. Baba wa mtoto huyu tulimzika. Tulimlilia, matanga yakaisha, mtoto akarithiwa pamoja na mama yake. Baba yake ni huyu hapa," akamwonyesha baba mdogo, "na huyu hajavaa kofia ya Keya hata siku moja. Huyu mwingine aliyesimama hajafukuliwa. Kimila, hayupo."

Hayupo! Mtu amesimama anapumua, jasho linamtoka, ameacha kazi yake ya kokoto aje, ati hayupo. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini huyu alikuwepo jamani, kivuli chake kilikuwa sakafuni! Nikamtazama Bwana DC aseme neno. Akasema serikali haiingilii mila za wenyeji. Walipochukua vijana kwenda Burma hawakuuliza mila inasemaje. Baba mdogo alikuwa anaangalia kucha zake. Nikajua nimekwisha olewa.

Mama alitoka nje. Nilidhani amekwenda kulia. Akarudi na mkungu wa ndizi kichwani, mbichi, unavuja utomvu. Kumbe aliukata asubuhi akauficha kwenye majani nje. Alipita katikati ya wanaume wote wale bila kuomba ruhusa, akautua kwa kishindo miguuni mwa mwenyekiti.

"Hizi ndizi mnazijua?"

"Wewe mwanamke, rudi nyuma!"

"Nakuuliza, mzee wangu, kwa heshima zote. Unazijua? Wewe mwenyewe umezila kwangu. Wote mmezila. Zimetoka kwenye kaburi la huyu mnayesema hayupo. Haya, niambieni, gogo la mgomba lililokatwa kimila huchipua?"

Akamnyooshea kidole baba mdogo.

"Huyu bwana alifukia mgomba na shina lake, kwa haraka zake. Mnajua, na mmejua miaka yote. Aliyefukia shina hakuzika. Amepanda. Basi mume wangu hajazikwa siku hata moja, na mtoto huyu ni mtoto wa Keya."

Mzee mmoja wa mbele akaanza kucheka, kicheko kikamshinda, akajifunika uso kwa kofia. Kisha vicheko vikaenea, maana ni kweli walizila, na kila mmoja alikumbuka alivyozila. Baba mdogo uso ukamwiva. Nilidhani tumeshinda. Nilikuwa mtoto, sikujua kwamba wakubwa wakiaibishwa na mwanamke hawaachi hivi hivi.

Mwenyekiti alingoja vicheko viishe. "Vema," akasema. "Mama amesema vema. Hakuzikwa, basi hakufa. Hakufa, basi wewe hukuwa mjane. Hukuwa mjane, basi miaka yote hii ulikuwa unafanya nini kitandani kwa shemeji yako? Mwenye mume hai akilala na mwingine anaitwaje? Tuambie wewe mwenyewe. Ukikiri mbele ya baraza, nasi tutathibitisha mtoto ni wa huyu Keya wako. Usipokiri, mama, urudi nyuma na ndizi zako."

Haki ya Mungu! Wote walijua kwamba aliambiwa mumewe amekufa. Wote walikula harusi ile. Aliyefukia mgomba vibaya hakuulizwa kitu, aliyefungisha ndoa hakuulizwa kitu, na baba mdogo aliyelala kitanda hicho hicho, yeye ati alidanganyika! Aliyetakiwa kujiita mchafu ni mmoja tu. Baba akasema kwa sauti iliyopasuka, "Mke wangu, usiseme. Acha. Acha shule yao ipotelee mbali." Na mimi, niwaambie kweli, nilitaka aseme na nilitaka asiseme, vyote kwa pamoja.

Mama hakumtazama baba. Hakunitazama mimi. Alimtazama Bwana DC, yule asiyeingilia mila.

"Nilizini," akasema. "Miaka yote. Andikeni. Mkimaliza, andikeni na jina la mtoto."

Wakaandika.

Jumapili iliyofuata alizuiwa kwenye meza ya Bwana. Wanawake aliokaa nao benchi moja toka ubatizo walisogea alipopita. Baba mdogo, ambaye nyumba na shamba vilibaki mikononi mwake maana baraza liliandika jina la mtoto tu, alimfukuza siku ile ile ya baraza na kumzuia mdogo wangu wa kiume asimfuate, na mama akawa anamwona mwanawe kwa mbali, akitoka kanisani ambako yeye alikaa nje. Alishuka kukaa na baba kwenye kibanda cha Iyunga. Watoto wa njiani walimwimbia jina lile alilojiita mwenyewe, na hakuna aliyewachapa.

Nilisoma Iringa mpaka darasa la nane, na baadaye ualimu. Njiani gari lilipita kwenye mashamba ya wale wazungu waliorudi vitani, na baba alikuwa amesema kweli, ukianza huoni mwisho. Shuleni wasichana wa Kihehe na Kibena walinifundisha kusalimia "kamwene", wakanigawia mahindi ya kuchoma, sina ubaya nao. Lakini kila alipokuja mgeni mkubwa, mimi nilisimamishwa mbele ya bweni zima kama mtoto wa askari, nitoe shukrani kwa ukarimu wa serikali. Nilitoa. Nilisema maneno waliyonifundisha, huku nikimwona mama katikati ya wanaume wale, utomvu wa ndizi umemchuruzikia shingoni.

Siku ya kuondoka, mama alinibebea sanduku mpaka Mwanjelwa, kwenye lori la mizigo lililokuwa linakwenda Iringa. Watu walikuwa wengi, na nilisikia wawili wakinong'ona wakitutazama. Nikaanza kulia. Nikamwambia siendi, nitabaki naye, sitaki shule iliyonunuliwa hivyo. Mama akatua sanduku chini. Akanishika sikio mbele ya watu wote wale, akalivuta mpaka uso wangu ukafika kwenye wake.

"Nimejiita malaya mbele ya baraza zima ili ukasome," akasema, wala hakupunguza sauti. "Nenda kalale darasani, uone nitakavyokufanya! Panda gari."